Usingizi Ukipaa kwa Siku Chache: Jinsi ya Kujaribu Virutubisho vya Asili bila Kujidhuru

Ndugu msomaji, nimeandika mwongozo huu kwa sababu maswali ninayoulizwa nikiwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa ni yale yale, na foleni hainiachii nafasi ya kuyajibu inavyostahili. Mtu ananyoosha simu yenye picha ya lebo na kuuliza kama kopo hilo litamlaza. Mwingine ameletewa chupa na shemeji yake anayeishi Marekani, naye hajui ameze kidonge kimoja au vitatu. Wa tatu anasema ana wiki mbili hajapata lepe la usingizi, na anachotaka ni kitu cha asili tu, kwa kuwa anaogopa dawa.

Jibu langu kwa wote ni hili: kirutubisho cha usingizi kinafaa kujaribiwa kimoja peke yake, kwa wiki mbili, huku ukiandika kila asubuhi jinsi ulivyolala. Ukimeza vitatu kwa pamoja na ukalala, hutajua ni kipi kilichokusaidia. Ukiamka na kichwa kizito au ukaanza kuharisha, hutajua ni kipi kilichokudhuru, na baada ya mwezi utakuwa unanunua makopo matatu ambayo huenda mawili kati yake hayana kazi yoyote mwilini mwako.

Mwongozo huu unamhusu nani

Unamhusu mtu mzima ambaye usingizi umemtoka hivi karibuni, na sababu anaijua au anaihisi: msiba, mtihani, deni, kazi mpya, safari ndefu ya ndege, au mwezi wa Ramadhani ambapo futari, sala za usiku na daku hubadilisha saa zote za kulala. Hali hiyo huhesabiwa kuwa ya muda mfupi ikiwa haijafikisha miezi 3. Ikipita hapo, na usiku mbaya ukawa walau 3 kila wiki, ni tatizo sugu, na tiba inayopendekezwa kwanza ni mazungumzo na mtaalamu pamoja na kurekebisha mazoea ya kulala. American Academy of Sleep Medicine, chama cha Marekani cha wataalamu wa usingizi, kilitoa mwongozo mwaka 2017 kikipendekeza melatonini, valeriani (zote mbili nazieleza katika hatua ya 4) na triptofani, ambayo ni kijenzi cha protini, zisitumike kutibu tatizo hilo sugu, kwa kuwa ushahidi wake ni dhaifu.

Usianze hatua zilizo hapa chini, bali nenda kituo cha afya, ikiwa unakoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini, ikiwa unatokwa jasho jingi usiku huku unakohoa na kupungua uzito, ikiwa unaamka mara nyingi kwenda haja ndogo na una kiu isiyokwisha, ikiwa miguu inakusumbua kiasi cha kushindwa kutulia kitandani, au ikiwa siku kadhaa hulali kabisa na wala huhisi uchovu. Ukiwa na huzuni isiyoondoka au mawazo ya kujidhuru, usisubiri hata kesho. Mwambie mtu aliye karibu nawe akusindikize leo.

Wajawazito, mama wanaonyonyesha, watoto, wenye ugonjwa wa ini au figo na wenye kifafa wasijaribu chochote katika haya kabla ya kuzungumza na daktari.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu, vikae kando ya kitanda. Simu haifai kwa kazi hii, kwa sababu ukiishika usiku kuandika sentensi moja utajikuta umesoma ujumbe ishirini.
- Orodha ya kila dawa unayotumia, pamoja na sindano au vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za kienyeji, unga wa majani uliopewa na jirani, na dawa za mafua.
- Kirutubisho chenye lebo kamili unayoweza kuisoma. Vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi au mfuko wa nailoni visivyo na jina havifai, hata kama aliyekuuzia ni mtu unayemwamini.
- Siku 14 za kawaida. Usianzie katika wiki ya harusi au ya safari.

Hatua kwa hatua

1. Andika usiku tatu kabla ya kumeza chochote. Kila asubuhi andika mambo manne: saa uliyopanda kitandani, muda unaodhani ulikaa macho kabla ya kulala, mara ulizoamka, na saa uliyoondoka kitandani. Kwa mfano: "Nilipanda saa 4 usiku, nikakaa macho kama saa moja na nusu, nikaamka mara 2, nikatoka saa 12 asubuhi." Usiangalie saa usiku ili kupata hesabu kamili; kadirio linatosha, na kuangalia saa kwenyewe hufukuza usingizi. Watu wengi huruka hatua hii. Naomba usiiruke, kwa sababu bila hizi usiku tatu hutakuwa na cha kulinganisha nacho.

2. Ondoa kinachokufukuzia usingizi. Kafeini iliyomo katika chai ya majani, kahawa, soda aina ya kola na vinywaji vya kuongeza nguvu hupungua nusu mwilini baada ya takriban saa 5, na kwa wengine huchukua muda mrefu zaidi. Kahawa chungu ya kijiweni unayokunywa saa 1 jioni bado ina karibu nusu ya nguvu yake saa 6 usiku. Acha vyote hivyo ifikapo saa 8 mchana. Miraa nayo, unayoweza kuijua kwa jina la mirungi, ni kichangamsho, na hakuna kirutubisho kitakachoshindana nayo. Pombe humlaza mtu haraka kisha ikamwamsha usiku wa manane, kwa hiyo usiihesabu kama msaada.

3. Pitia orodha yako ya dawa pamoja na mfamasia. Mara nyingi hapa ndipo tatizo linapoisha bila kununua kitu. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, ikimezwa jioni humkesha mtu. Dawa za kutoa maji mwilini, kama furosemidi, zikimezwa jioni zitakuamsha kwenda msalani. Baadhi ya dawa za kufungua pua iliyoziba huchangamsha. Dolutegraviri, iliyomo katika kidonge cha ARV ambacho watu wengi wa Tanzania na Kenya wanakitumia sasa, huwafukuzia baadhi ya watu usingizi, na mara nyingi inatosha kuihamishia asubuhi. Usihamishe saa ya dawa wala kuiacha bila kuuliza. Kwenye kliniki yako watakuelekeza kwa dakika tano.

4. Chagua kirutubisho kimoja kinacholingana na tatizo lako. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maswali mengi yako hapa.

   *Melatonini* ni homoni ambayo ubongo huitoa giza linapoingia, na kazi yake ni kuuambia mwili kwamba usiku umefika. Kwa hiyo humfaa zaidi mtu ambaye saa ya mwili wake imehama, kuliko yule anayekeshwa na mawazo. Chukua mfanyabiashara wa Kariakoo aliyefika Guangzhou. Huko ikiwa saa 4 usiku, Dar es Salaam ni saa 11 jioni, na mwili wake unakataa kulala kwa sababu nyumbani jua halijazama. Miligramu 0.5 hadi 3, ikimezwa karibu na saa ya kulala ya huko aliko kwa siku chache za mwanzo, inaweza kumsaidia. Kuongeza hadi 10 hakumlazi mtu upesi zaidi. Humwachia uzito wa kichwa na ndoto kali. Jambo la kuangalia sana ni ubora. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima bidhaa 31 za melatonini zilizouzwa Kanada, na kiasi kilichokutwa ndani kilianzia pungufu ya asilimia 83 ya kilichoandikwa hadi zidisho la asilimia 478, na bidhaa 8 zilikuwa na serotonini, kemikali ya ubongo, ambayo lebo haikuitaja. Marekani huiuza kama kirutubisho cha rafuni, ilhali Uingereza huitoa kwa cheti cha daktari. Kwa hiyo chupa iliyotoka kwa shemeji si lazima iwe imepimwa kama dawa.

   *Magnesiamu* ni madini, na humsaidia zaidi mtu ambaye chakula chake kina upungufu nayo. Kwa aliyeshiba nayo tayari, usitarajie makubwa. Anza na miligramu 100 hadi 200 jioni, baada ya kula. Marekani imeweka kikomo cha miligramu 350 kwa siku kwa mtu mzima, kwa ile inayotoka kwenye virutubisho tu. Kabla ya kununua kopo, tazama sahani yako: korosho, mbegu za maboga, maharage na mchicha vyote vina magnesiamu nzuri, na kiganja cha mbegu za maboga zilizokaangwa bila mafuta kinaweza kukupa zaidi ya miligramu 100. Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse, kwa sababu figo dhaifu hushindwa kuitoa ikazidi mwilini.

   *Kamomili* ni maua madogo makavu yanayouzwa kama majani ya chai. Nguvu yake ni ya upole na ushahidi wake si mwingi, lakini kwa mtu anayekeshwa na wasiwasi ndiyo ninayoipendekeza kwanza, kwa kuwa madhara yake ni machache na maandalizi yake yenyewe yanatuliza. Weka kifuko kimoja kwenye kikombe, mimina maji yaliyochemka, kisha funika kikombe kwa kisosi kwa dakika 10. Kisosi ni cha lazima, kwa sababu mafuta yenye harufu huondoka na mvuke. Ukikifunua utaona matone yamejikusanya chini ya kisosi, maji yamekuwa ya rangi ya dhahabu, na harufu yake inakaribiana na ya tufaha; hayo matone yarudishe kikombeni. Kunywa saa moja kabla ya kulala ili uende haja ndogo kabla ya kupanda kitandani. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na mwenye mzio wa maua ya jamii ya alizeti, aiache.

   *Valeriani* ni mzizi ambao Wazungu wameutumia kwa karne nyingi. Ukifungua kopo lake utakutana na harufu kali ya soksi zilizovaliwa, na hiyo ni harufu yake halisi, haijaharibika. Kipimo cha kawaida ni miligramu 400 hadi 600 za kiini kikavu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kulala. Matokeo ya tafiti zake yanapingana, na huenda ikahitaji wiki 2 hadi 4 kabla ya kufanya kazi, ndiyo maana kwa tatizo la siku chache siiweki mbele. Usiichanganye na Valium, ambayo ni diazepamu, dawa ya cheti yenye uwezo wa kumfanya mtu ashindwe kuiacha. Majina yanafanana, vitu ni tofauti kabisa.

   Kuhusu *mchaichai*, ambao karibu kila nyumba unao uani: majaribio ya Brazil yaliyochapishwa mwaka 1986 hayakuona kwamba unaleta usingizi. Hata hivyo naupenda kwa sababu hauna kafeini na unachukua nafasi ya chai ya jioni. Sharti lake ni kuuchemsha peke yake; wengi wetu huuchemsha pamoja na majani ya chai, na hapo kafeini imerudi kwa mlango wa nyuma. Na juisi ya pesheni haimlazi mtu: mmea unaotumika katika vidonge vya usingizi ni ndugu wa pesheni, si huu tunaokula matunda yake.

5. Soma lebo mpaka mwisho. Tafuta jina la kilichomo, kiasi cha kila kidonge, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Kwenye magnesiamu, angalia kama namba iliyoandikwa ni ya madini yenyewe au ya mchanganyiko mzima: miligramu 500 za oksidi ya magnesiamu zina kama 300 tu za magnesiamu, nayo oksidi huharisha zaidi kuliko glisinati, aina nyingine ya magnesiamu. Kisha soma orodha ya viambato vyote, kwa sababu makopo yaliyoandikwa "mchanganyiko wa usingizi" huficha vitu vitano au sita. Kwa Tanzania, muuzaji wa dawa ya asili anapaswa kukuonyesha kuwa bidhaa yake imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kwa Kenya, uliza usajili wa Pharmacy and Poisons Board, bodi inayosimamia dawa. Asiyeweza kukuonyesha, mshukuru na uondoke.

6. Meza dozi ndogo kuliko zote, usiku ambao kesho yake huendeshi chombo. Dereva wa lori, wa bodaboda, fundi wa mashine na anayepanda juu ya paa waanzie usiku wa kuamkia siku ya mapumziko. Uzito wa asubuhi hujulikana tu baada ya kumeza, na barabarani si mahali pa kuugundulia.

7. Shika saa ile ile kila usiku, na uzime taa. Melatonini ikimezwa huku unatazama simu yenye mwanga mkali inapingwa na mwanga huo. Panda kitandani saa ile ile na, zaidi ya hapo, toka kitandani saa ile ile asubuhi, hata kama ulilala vibaya.

8. Siku ya 14, fungua daftari uamue. Linganisha na zile usiku tatu za mwanzo. Ikiwa unalala mapema zaidi kwa nusu saa au umepunguza kuamka, na sababu iliyokukosesha usingizi imepita, acha kirutubisho uone kama usingizi unabaki. Mara nyingi hubaki. Usikifanye kuwa sehemu ya maisha kwa hofu tu ya kukiacha.

Vitu vya kuepuka kabisa

Kungumanga ni kiungo cha Zanzibar tunachokipenda, na chembe chache katika uji au maziwa hazina neno. Lakini ushauri wa kusaga kungumanga zima na kulinywa ili ulale ni wa hatari. Gramu 5 hivi, yaani kiasi cha kokwa moja, zinaweza kumletea mtu mapigo ya moyo ya kasi, kutapika na kuona vitu visivyokuwapo kwa saa nyingi.

St. John's wort hutiwa katika baadhi ya michanganyiko ya "utulivu", na kwenye lebo huenda ikaandikwa *Hypericum*. Mmea huu huliharakisha ini kuvunja dawa nyingine, hivyo ARV, vidonge vya uzazi wa mpango na warfarini hupungua nguvu bila mtumiaji kuhisi lolote. Ni asili, na unaweza kuifanya tiba ya mtu ya miaka mingi ishindwe. Kava, mzizi unaotoka visiwa vya Pasifiki, nayo imehusishwa na kuharibika kwa ini. Triptofani na 5-HTP, ambazo mwili huzigeuza kuwa serotonini, zisichanganywe na dawa za sonona.

Magnesiamu pia hushikamana na baadhi ya dawa tumboni zisifyonzwe. Dolutegraviri imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Ukimeza dolutegraviri asubuhi na magnesiamu usiku, umemaliza tatizo hilo. Siprofloksasini na doksisaiklini nazo zinahitaji kutenganishwa, kwa hiyo ukiwa kwenye dozi ya antibayotiki, simamisha magnesiamu mpaka umalize.

Melatonini inayotengenezwa kama peremende iwekwe juu, mahali palipofungwa. Mtoto akila, mpeleke hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Mambo yasipokwenda sawa

*Ninaamka na kichwa kizito.* Punguza dozi kwa nusu, au meza saa moja mapema zaidi. Ikiendelea kwa siku mbili, acha.

*Ninaharisha.* Ni magnesiamu. Punguza kiasi, imeze na chakula, au badilisha oksidi kwa glisinati.

*Ninaota ndoto za kutisha.* Melatonini ikizidi hufanya hivyo. Shuka hadi miligramu 0.5 au uiache.

*Nilisahau kumeza, na sasa ni saa 8 usiku.* Usimeze. Utaamka bado unasinzia.

*Nalala mara moja, lakini naamka saa 9 usiku na macho makavu.* Melatonini ya kawaida haisaidii sana hapo, kwa kuwa huisha mwilini baada ya saa chache. Ukiona umekaa macho muda mrefu, toka kitandani, kaa kwenye kiti penye mwanga hafifu, soma au vuta uradi, na urudi usingizi ukija. Angalia pia kama ulikunywa pombe au maji mengi jioni.

*Nimepata vipele, midomo imevimba, macho au mkojo umekuwa wa njano.* Acha mara moja na uende hospitali. Vipele na uvimbe ni dalili za mzio, na umanjano ni dalili ya ini. Ukishindwa kupumua vizuri, ni dharura.

*Kirutubisho kinanilaza kupita kawaida, kama dawa kali.* Kitilie shaka. Baadhi ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba zimewahi kukutwa na dawa za hospitali zilizofichwa ndani. Acha, hifadhi kopo, na utoe taarifa kwa mfamasia.

*Wiki mbili zimekwisha na hakuna kilichobadilika.* Usihamie kopo la pili na la tatu. Nenda kwa daktari na daftari lako, orodha ya dawa, na kopo ulilotumia hata kama ni tupu. Kurasa hizo 17, za usiku 3 wa mwanzo na 14 za kujaribu, zitamwambia mengi ambayo ungeyasahau ukiwa umekaa mbele yake, na huenda zikakuepusha na kuandikiwa dawa ya kulaza siku hiyo hiyo.